Haijavaliwa Hata Mara Moja

Wifi yangu Iskra ana jicho, hilo simnyimi. Mpe gunia la nguo za marehemu, ataingiza mkono mmoja tu na kutoa kitu ambacho mwanamke fulani wa Denmaki atakikosea usingizi. Mdogo wangu Plamen alimpendea jicho hilo, na kwa jicho hilo wakajenga duka lao la mtandaoni ndani ya kiwanda cha nguo kilichokufa hapa mjini Vratsa. Ghorofa mbili nzima zilijaa mitumba, mazulia ya sufu, vyombo vya kaure, saa za ukutani, na mara mojamoja meno ya bandia yaliyosahauliwa kabatini.

Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa stoo. Kila kilichoingia kilipita kwenye meza ya picha, kikapigwa mbele na nyuma, kikabandikwa stika yenye namba, kikaenda kwenye boksi lake na rafu yake. Stika ikishasomwa na mashine, tangazo linapanda mtandaoni lenyewe, na mteja akinunua, namba inamwambia mfungaji akitoe wapi. Kisicho na stika hakipo, chenye stika kinauzwa. Kabla sijaja, Plamen alikuwa akiuza sahani ileile mara mbili, kisha anambembeleza mteja wa pili kwa maneno matamu.

Mali ilitoka kwa wafu, sina haja ya kuficha. Kwetu mtu akifa, karatasi yenye picha yake hubandikwa mlangoni kwake na kwenye kituo cha basi. Wengine huisoma wakasema Mungu amrehemu. Plamen husoma anwani. Husubiri arobaini ipite, maana adabu kidogo anayo, kisha huwapigia simu watoto wa marehemu walioko Ujerumani au Hispania. Nao humwambia: chukua vyote, ila utuachie nyumba imefagiliwa.

Iskra ndiye aliyegundua kwamba nguo ikiandikwa "ya zamani, haijavaliwa hata mara moja", bei hupanda mara tatu na bado watu wanaigombania. Sasa kwetu ni nani mwenye nguo ya zamani isiyovaliwa? Si mwingine ila mabibi vikongwe. Kila bibi wa kijijini ana mzigo wake mdogo sandukuni, umefungwa kwenye shuka jeupe: shati refu la kitani, gauni jeusi la sufu, mkanda, kitambaa cha kichwa, soksi nyeupe na viatu ambavyo soli zake hazijagusa udongo. Ni nguo za kuzikiwa. Mwenyewe huzitayarisha angali na nguvu, ili akifa watoto wasihangaike.

Siku Iskra alipoweka mzigo wa kwanza wa namna hiyo kwenye meza ya picha, nilimwambia, "Wifi, hizo ni za kuzikiwa."

"Wifi, hicho ni kitani safi."

"Haziuzwi hizo. Huvalishwa mwenyewe, au hupewa jirani maskini."

"Mwenyewe kazikwa Bologna, kwa mwanawe, na gauni la dukani. Unataka nimtumie kwa posta?" Akacheka, akawasha taa za picha. "Mungu hasomi matangazo, Nevena. Niletee stika."

Wasichana wa kufunga mizigo wakacheka naye. Mimi sikucheka, lakini stika nilimletea, kwa sababu mshahara wangu ulitoka kwake. Mwaka ule alifungua kundi zima la matangazo ya namna hiyo, likawa ndilo linaloongoza kwa mauzo.

Mama yetu, Tseka, alikuwa bado na nyumba yake kijijini wakati huo. Alikuwa mfumaji katika kiwanda hikihiki hadi kilipofungwa, lakini shati lake la kuzikiwa hakulifuma kwa mashine. Alilifuma nyumbani, kwenye kitanda chake cha mfumi, mwaka alioposwa. Upindo wake aliutarizi kwa uzi mwekundu na mweusi, ndege wanaotazamana, na akasema hilo litavaliwa mara moja tu. Kila majira ya kuchipua, kabla ya Pasaka, aliufungua mzigo wake na kuuanika uani upigwe na upepo. Wanawake wa jirani walikuja kukagua kama wanaokagua mahari.

"Tseka, mwaka huu umeongeza nini?" walimuuliza.

"Soksi. Za mwaka juzi zimeliwa na nondo."

"Utakwenda ukipendeza, mwenzetu. Mumeo huko ahera atakufukuza, atadhani ni mke wa mtu!"

Wakacheka hadi wakajifuta machozi. Sisi wanawe tulikua tukiona hayo, mimi na Plamen. Mtu asije akaniambia kwamba Plamen hakujua.

Mama alipovunjika nyonga nilimleta kwangu mjini, ghorofa ya nne, na nyumba ya kijijini ikabaki tupu. Wakati wa vuli Plamen akasema paa linavuja, bora kukomboa vitu kabla ya theluji. Mama akakubali. Alitoa sharti moja tu, akamwambia mbele yangu, akiwa ameushika mkono wake: "Chukua vyote, mwanangu. Sanduku la chumba cha ndani usiliguse. Mletee Nevena hivyohivyo lilivyofungwa."

"Sawa, mama."

Sanduku lililetwa kwangu likiwa limefungwa, na kufuli lake likiwa salama. Mama alilipapasa kwa kiganja, akaridhika, tukalisukuma chini ya dirisha.

Majira ya kuchipua yalipofika, akaniomba nimtolee mzigo tuuanike barazani. Nikafungua. Ndani mlikuwa na mablanketi mawili, na picha ya baba, na harufu ya dawa ya nondo. Shuka jeupe lilikuwemo, limekunjwa vizuri, halina kitu.

Mama alilichukua lile shuka, akalikung'uta. Kisha akaniuliza, "Umeziweka kabatini?"

"Nitazitafuta, mama."

Nilikwenda stoo nikiwa nimejipa moyo kwamba labda zipo tu, zimekaa mahali. Nikaandika kwenye kompyuta: shati, kitani, ndege. Likaja. Picha nne, safi, taa nzuri. Ndege wa mama wakitazamana. Na chini yake, kwa maneno ya Iskra: "Haijavaliwa hata mara moja. Bibi aliitunza maisha yake yote kwa ajili ya siku moja maalumu." Upande wa pili, kwa rangi ya kijani: imeuzwa. Alikuwa ameutawanya mzigo. Gauni limekwenda Uholanzi, mkanda Japani, kitambaa cha kichwa Marekani, viatu sijui wapi. Mtu anayechinja kuku kwa kuuza vipande hufanya hivyohivyo.

Nilimkuta ofisini anakunywa kahawa.

"Ulilifungua sanduku la mama."

"Plamen alikuwa na ufunguo." Hakuona hata haya. "Nevena, usinitazame hivyo. Tulikuwa tunaingia sikukuu na kundi zima la matangazo lilikuwa tupu. Wateja wanauliza. Na mama mwenyewe, Mungu ampe umri, bado ana miaka mingi. Tungemnunulia nyingine kwa nafasi."

"Uliandika siku moja maalumu. Kwa hiyo ulijua ni siku gani."

"Nilijua ndiyo. Na wewe ulijua za wenzie zote ulizozibandika stika. Leo ni zamu ya mama yako ndipo unapata kwikwi?"

Mkuki kwa nguruwe, huo. Uliniingia, na bado umo. Lakini za wengine zilikuwa na wafu ambao tayari wamefukiwa na nguo nyingine. Mama yangu alikuwa nyumbani kwangu, hai, ananisubiri kwenye kiti karibu na dirisha. Nilimwambia hivyo, naye akarudi kwenye kahawa yake.

Gauni na mkanda nikaviacha viende. Shati ndilo nililolitaka, kwa sababu ndilo alilolifuma mwenyewe. Aliyelinunua alikuwa mwanamke wa Lyon aitwaye Odile, mwalimu wa ngoma. Nilimwandikia kwa msaada wa simu ya kutafsiri, nikamweleza lile shati ni la nini na mwenyewe yuko wapi. Alijibu kesho yake. Nilimwomba mtoto wa jirani anisomee mara mbili, ili nisikosee. "Bibi, laiti ningejua nisingeligusa. Nilikuwa nimeliweka tayari kwa onyesho. Leo nalirudisha. Mwambie mama yako kwamba ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzishika."

Nikamwambia mama. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu tufungue sanduku. "Wafaransa," alisema, "wanajua kitani."

Plamen nilimwambia pia. Nilimsimamisha kwenye ngazi za stoo, nikamshika kifungo cha koti kama nilivyokuwa nikimfanya utotoni. "Kifurushi kutoka Lyon kikifika, kisiguswe na mtu. Ni shati la mama."

"Sawa, dada. Utalikuta mezani kwako."

Odile alilirudisha kwa njia ya duka, ile ya kawaida, kwa sababu ndiyo aliyoijua. Na siku lilipofika sikuwepo. Mama alikuwa amebanwa na kifua usiku kucha, nikawa naye hospitali tukisubiri picha ya mapafu. Msichana wa meza ya marejesho alifanya kazi yake kama nilivyomfundisha. Akafungua, akakagua, akaona halina doa, akaisomesha stika. Tangazo likapanda lenyewe. Kabla ya jioni lilikuwa limenunuliwa tena. Plamen hakuwa amemwambia msichana neno lolote. Alisahau, ndivyo alivyoniambia, na siku hizi huwa nasema labda ni kweli. Mtu husahau kilicho kidogo.

Asubuhi niliingia uani nikakuta gari la mizigo limerudi nyuma hadi mlangoni, na maboksi yanapakiwa. Msichana mwenyewe aliponiona akanikimbilia.

"Bi Nevena, lile la Lyon lilifika jana! Limeuzwa papo hapo, hata sijakaa. Wanalipenda hilo kweli!"

Alidhani ananipa habari njema. Nikaanza kupangua maboksi moja baada ya jingine, nikisoma namba. Nililipata chini kabisa, boksi bapa, jepesi. Nikalikumbatia. Hapo Plamen akatoka ofisini, bila koti.

"Dada, weka hapo."

"Hili ni la mama."

"Najua ni la mama. Limeshanunuliwa. Nikimfutia mteja oda leo, wenye soko la mtandaoni wanatufungia duka." Alisema kwa sauti ya chini ili dereva asisikie. "Tulishafuta maagizo mengi mno baridi ile, vitu vilipopotea kwenye rafu. Tulipewa onyo la mwisho. Kufuta kumoja tu, duka linafungwa mwezi mzima. Mwezi mzima, Nevena! Niwalipe nini hawa wasichana?"

"Mwambie mteja limeungua. Mwambie limeibwa."

"Hawaulizi sababu. Wanahesabu tu."

"Plamen, mama anakufa."

"Mama ana nimonia. Atapona. Nitamtafutia shati jingine, zuri kuliko hilo, halali kabisa, tena—"

"Alikwambia mbele yangu. Alikushika mkono."

Akaliangalia boksi. Nikadhani nimempata. Uso wake ulikuwa uleule wa utotoni, wa alipokuwa akivunja kitu na kutaka nimtangulie kwa mama. Kisha akanyoosha mikono, akalishika boksi, akavuta. Na mimi nikavuta. Wanawake wa kufunga mizigo walikuwa wamesimama wakitazama watu wazima wawili, wana wa tumbo moja, wanagombea boksi la karatasi. Yeye ana nguvu kunishinda. Alilichukua, akampa dereva, akasaini.

Sikurudi kazini tena. Funguo za stoo nilizitupa kwenye beseni la maji ya kudekia, na ikiwa walizitafuta sijui.

Mama nilimwambia ukweli. Ningeweza kudanganya kwamba posta imechelewa, watu wengi wangefanya hivyo. Lakini alikuwa ameshaahidiwa uongo wa kutosha na mwanawe. Alisikiliza akitazama dari. "Alivuta kwa nguvu?" aliuliza. Nikasema ndiyo. "Mradi halikuchanika," akasema.

Alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama kapu tupu. Wiki ya Pasaka ilipopita, Plamen na Iskra walikuja kumwona, na machungwa, na mzigo uliofungwa kwenye shuka jeupe. Iskra aliuweka mapajani kwa mama kwa mikono miwili. Nadhani alitaka kweli kutengeneza mambo, siwezi kumnyima na hilo. Yalikuwa mambo mazuri: shati la kitani, gauni, mkanda, kila kitu, soksi zikiwa na karatasi yake ya dukani.

Mama akaligeuza shati, akalisogeza kwenye mwanga. Akapitisha kidole kwenye ukosi.

"Hizi za Gena," alisema.

"Gena gani, mama?" Plamen akauliza.

"Gena wa mlimani, aliyekwenda Italia kumlelea mjukuu. Huu ukosi nimeutarizi mimi, macho yake yalikuwa yameisha. Tulikaa pamoja barazani kwake, mimi na sindano, yeye na glasi ya rakia." Akamtazama mwanawe. "Gena alizikwa na nini?"

Hakuna aliyejua. Plamen akaanza kutazama viatu vyake. Iskra hawezi kustahimili kimya. Akapigapiga blanketi, akatabasamu. "Mama, na wewe! Kitani ni kitani. Si wanasema maiti haulizwi sanda?"

"Mimi bado si maiti, Iskra. Niulize."

Iskra akamtazama Plamen.

"Niulize basi," mama akasema tena. "Niko hapa. Nasikia."

"Unataka nini, mama?" Iskra akauliza.

"Nataka nguo zangu."

"Nitakununulia, mama," Plamen akasema. "Nitakwenda Sofia. Nitakuletea ambayo hakuna kijijini aliyewahi—"

"Zipo zangu. Nilizifuma." Akaufunga mzigo wa Gena mwenyewe, taratibu, akaukaza fundo. "Huu mpelekeeni binti yake. Msimuuzie, mpelekeeni. Na machungwa chukueni, mimi yananiletea kiungulia."

Walipoondoka aliniita nikae kitandani. Hakulia. Nilitamani alie, ningejua la kufanya.

"Nevena, nikifa utanivika hivi." Alijishika joho lake la nyumbani, lile la bluu lililopauka, lenye kiraka mfukoni, na sweta iliyoisha viwiko. "Hivihivi. Usifue hata."

"Mama, watu watasema."

"Waseme. Unipeleke kijijini, jeneza wazi, mchana. Nao wale wote waliokuwa wakija uani kunikagua, waje wakague." Akafumba macho. "Aliuza nguo zangu za mwisho. Ziko nyumba za watu. Mimi nifiche ya nini?"

Nilimwapia. Sijui kama ilikuwa hasira au haki, na hadi leo sitaki kujua. Alikuwa mtu mpole maisha yake yote, akila mkate uliokauka ili sisi tule laini. Huo ndio ukali pekee niliowahi kuuona kwake, na aliutunza kwa mwanawe aliyempenda kuliko mimi.

Alikufa miti ya lindeni ikiwa imechanua, mtaa mzima ukinukia. Nilimwosha, nikamvika joho na sweta. Plamen alikuja na boksi kutoka Sofia, utepe juu, akapiga magoti sebuleni kwangu.

"Dada, nakuomba. Mvike hii. Nipige, nitukane, lakini mvike hii."

"Si mimi niliyekataa."

"Kijiji kizima kitakuwepo!"

"Ndiyo," nikasema.

Akakaa pale chini na boksi lake hadi gari lilipofika.

Kanisani kijijini walikuja wote waliobaki, wanawake wazee kwa vitambaa vyeusi, mishumaa mkononi. Wakapita mmoja mmoja kumbusu mama paji la uso. Kila mmoja alifika, akaliona joho, akaona kiraka, akaona viwiko. Kwetu mtu huzikwa na nguo kuukuu kama hakuacha mtoto. Kila mmoja aliinua macho, akatafuta watoto wa Tseka walipo, akamtazama Plamen kwenye suti yake nyeusi, kisha akaenda kukaa. Iskra alitoka nje, akasema anahitaji hewa.

Plamen akasogea kwenye jeneza na shada la maua meupe. Akayapanga kifuani kwa mama, juu ya mfuko wenye kiraka, mpaka hakikuonekana tena. Nikayaondoa, nikayaweka miguuni. Akayarudisha, akininong'oneza jina langu. Nikayaondoa tena. Wanawake walikuwa wakitutazama. Safari hii aliniachia.